Kopo Nyuma ya Sanduku la Mita

Habari ya kifo cha Bi Mwanakombo nilikuwa nimeshaipata, na niliipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilifua nguo, nikapika, nikawapigia simu wa kuwapigia. Siku ya tatu baada ya maziko Saumu, binti yake, akanipigia mwenyewe kutoka Likoni, na tulipomaliza kupeana pole hakunizungumzia mamake bali kopo. "Da Wakesho, lile kopo la wageni wa mama liko hapa," akasema. "Alipoanza kuugua alilitoa kichochoroni akaliweka kabatini na vikombe vyake vya sikukuu, akasema likikosa wa kulitunza ni lako. Mimi sijalifungua." Nikamwambia alivyofanya ni sawa, ninakuja. Nilipoweka simu chini nikaanza kulia, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili, nimesimama jikoni kwangu Voi na mwiko mkononi, kwa ajili ya kopo la peremende.

Nilifika Shika Adabu, mtaa wao huko Likoni, siku ya hitima. Nyumba ilijaa wanawake, mikeka imetandikwa kutoka ukumbini mpaka uani, na mimi nikakaa nilipoonyeshwa, karibu na mlango wa chumba cha tatu mkono wa kushoto. Nje ya mlango kulikuwa na viatu vya mpangaji mwingine. Nilitamani kubisha nimwambie asisogeze kitanda kwenye ukuta wa kichwani, mvua ya masika hupenya pale. Katika chumba hicho nilikaa mwaka mmoja tu. Baada yake nimeolewa, nimezaa, nimejenga nyumba yenye vyumba vingi kuliko ninavyoweza kuvifagia, lakini nikiota niko nyumbani, huota niko pale.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimepata kazi ya mapokezi katika nyumba ndogo ya wageni karibu na ufuo, na kwa Bi Mwanakombo nilielekezwa na mama mmoja muuza viazi vya karai. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi mrefu wa sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, vyumba vitatu kila upande, na uani huko nyuma, ambako mambo yote ya maana yalifanyika. Bi na mumewe, Mzee Athumani, walikaa chumba cha mbele chenye dirisha la kichochoroni. Siku yangu ya kwanza Bi aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, maana ndivyo nilivyofundishwa kuwajibu watu nisiowajua. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa uongo wa kitoto. "Mimi sikukuuliza ili ukatae," akasema, akanisukumia mahamri na bakuli la mbaazi za nazi. Tangu siku hiyo sikuulizwa tena. Nikirudi kazini nilikuta sahani imefunikwa kawa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na kama sikuimaliza nilitakiwa kueleza.

Mzee Athumani alikuwa msoma mita. Tangu ujana mpaka alipostaafu aliingia uani mwa watu wa Likoni akiwa na tochi na daftari, akisoma tarakimu za umeme wao, na kustaafu hakukumtoa kazini. Hakuweza kupita mbele ya nyumba bila kuitupia jicho mita yake. Aliwakumbuka watu kwa mita zao: fulani ambaye mita yake iko nyuma ya banda la kuku, fulani aliyeitundikia kalenda. Madaftari yake ya zamani aliyahifadhi chini ya kitanda, na kando ya kila nyumba kulikuwa na maneno machache aliyoyaandika kwa herufi ndogo zilizosimama wima: mbwa mkali, mlango umefungwa, mwenye nyumba amelala. "Kazi yangu," alikuwa akiniambia, "ni kuingia kwa watu kila mwezi bila kuchukiwa. Wajua siri yake? Hodi. Waipiga ukiwa mbali, si ukiwa umeshafika." Mita ya nyumba yao wenyewe ilikuwa imehamishiwa barazani, lakini sanduku la mbao lililokuwa likiihifadhi lilibaki tupu kwenye ukuta wa kichochoroni, chini kidogo ya dirisha la chumba chao. Bi alitaka ling'olewe litiwe jikoni kama kuni. Yeye alilipaka rangi ya kijani kila mwaka kabla ya Ramadhani.

Mchezo wenyewe niliuokota kazini. Alikuja mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye magoti mabovu, ambaye kila asubuhi alitoka na kidude cha manjano cha kuonyesha mahali kwa setilaiti, akarudi mchana na matope mpaka kiunoni na furaha tele. Nikamuuliza anatafuta nini. Akanieleza kwamba kuna watu duniani wanaoficha makopo, kisha wanatangaza kwenye mtandao, kwa tarakimu, mahali walipoyaficha. Mwingine anakuja, analipata kopo, anaandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, analirudisha palepale. Nikauliza mshindi anapata nini. Akasema anaandika jina. Nilicheka, lakini siku alipoondoka aliniachia kile kidude, maana alikuwa na kipya, na mimi sikuwahi kupewa kitu cha thamani hivyo na mtu nisiyemjua. Kwa wiki nzima nilitembea nacho nikitazama tarakimu zinavyobadilika kutoka msikitini hadi kwa muuza mkaa.

Nilichagua kopo la bati la peremende nikalizungushia plasta nyeusi, nikakata karatasi ndefu nikaikunja kama msokoto. Kanuni za mchezo nilizisoma kwenye saibakafe karibu na feri, na mojawapo ilisema kwamba kopo halifichwi kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa ya mwenye nyumba. Basi jioni moja nikamfuata Mzee Athumani barazani. Nilidhani atanicheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakitaka kidude, akakigeuza huku na huku, akauliza kama hizo tarakimu zinasomwa kila mwezi au mara moja tu. Kisha akasimama, akanishika kiwiko, akaniongoza kichochoroni moja kwa moja mpaka kwenye sanduku lake la kijani. Ubao wa nyuma ulikuwa umelegea, na nyuma yake kulikuwa na tundu kwenye mawe linaloingia mkono. "Hapa," akasema. "Hili sanduku limekaa bure miaka yote likingoja mtu alifungue." Alitaka kuwa wa kwanza kuandika. Akaandika akiwa ameegemea ukuta, amenipa mgongo, mistari mitatu au minne, akaikunja karatasi na kuitia ndani. Nilipotaka kuona akaniondoa mkono. "Wewe ndiwe mfichaji. Mfichaji hasomi." Tena akaongeza kwa sauti ya chini, "Na Bi usimwambie kwanza. Atasema nimerudi utotoni." Kesho yake kwenye saiba ukurasa uliniuliza kama nimepata ruhusa ya mwenye nyumba. Nikaweka alama ya ndiyo. Mtaa mzima ulijua kwamba nyumba ile Bi Mwanakombo aliirithi kwa mamake, hata mimi nilijua, lakini alama niliiweka.

Wiki tatu hivi baadaye Mzee Athumani alirudi kutoka sala ya alasiri, akaomba maji, na maji yalipoletwa alikuwa hayupo tena. Nimejaribu mara nyingi kuiandika siku hiyo na kila mara naandika maji. Akazikwa, watu wakaja wakaondoka, na Bi akaingia edani.

Mimi ni Mtaita, nimelelewa kanisani, na eda niliijua kwa jina tu. Nilijifunza kwa kuiishi mlango wa tatu. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, havai nguo ya rangi, hajitii manukato, na hakai na mwanamume anayeweza kumuoa. Shemeji yake akija na neno, husimama upande wa pili wa pazia. "Na eda hukaliwa palepale mauti yalipokukuta," Bi aliniambia. "Mjane akihamishwa, watu hujiuliza alifanya nini." Saumu alikuwa ameolewa Kisauni na alikuja siku za mwisho wa wiki, kwa hivyo siku nyingine mimi ndiye niliyekwenda dukani, niliyelipokea gari la maji, niliyempelekea chai ya iliki asubuhi. Nilimkuta ameketi kitandani upande wake, ule wa mumewe hajaugusa. Wakati mwingine nilimsikia akizungumza peke yake nikiwa ukumbini. Hakuwa akiomba. Alikuwa akimgombeza. Alimwambia ameacha miwani kwenye dirisha la choo, akamuuliza sukari ameificha wapi. Nilisimama na chai mkononi mpaka anyamaze ndipo nikasema hodi, naye akajibu "Karibu, mwanangu," kwa sauti iliyonyooka kabisa.

Kabla ya msiba hakuna mtu aliyekuja kutafuta kopo. Wakati wa eda wakaja watatu. Nilikuwa kazini siku zote hizo, lakini kwenye saiba nilisoma maneno yao: wa kwanza aliandika kwamba amelipata chini ya dirisha zuri la zamani, na ninaona haya kusema kwamba nilifurahi. Kisha nikaanza kusikia minong'ono kisimani na dukani. Kuna mwanamume amesimama dirishani kwa kizuka, ndivyo walivyomwita mjane aliye edani. Kuna mwingine ameinama pale muda mrefu. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro aliona na hakukaa na alichokiona. Nilijua mara moja ni nini. Ningeweza kwenda siku ileile kulitoa kopo na kusema ukweli, na sikwenda. Nilijiambia kwamba kulitoa ni kama kumtoa Mzee kwenye ukuta wake. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa. Msichana mpangaji asiye na mume, na mume wa mwenye nyumba, wana siri yao ambayo mke asiambiwe: nilijua maneno hayo yatasikika vipi yakishasemwa, na mwenye kuyathibitisha yuko kaburini.

Ijumaa moja, baada ya sala, Bwana Shee, mdogo wake marehemu, alikuja akasimama ukumbini mbele ya pazia la chumba cha Bi. Mimi nilikuwa na siku ya mapumziko, nimekaa chumbani kwangu na mlango umeegeshwa.

"Shemeji, mimi sikutuhumu kwa lolote," nilimsikia akisema. "Lakini watu wasema. Wanaume watatu wameonekana dirishani kwako, na ndugu yangu hajamaliza miezi miwili. Huyu wa mwisho alitia mkono."

"Alitia mkono wapi?"

"Hapo dirishani."

"Dirisha langu lina nondo na wavu, Shee. Mkono ulipita wapi?"

"Ndiyo nikakwambia sikutuhumu. Lakini maneno yakishatoka hayarudi. Kesho naja na gari. Utamalizia eda kwetu, na wake zangu watakuwa nawe. Nyumba tuifunge. Wapangaji nitasema nao mimi."

Pazia halikutikisika. "Nyumba ya mamangu ifungwe," Bi akasema, wala hakuwa anauliza. Nikangoja aseme zaidi. Mwanamke yule aliyeweza kumnyamazisha muuza samaki kwa kumtazama, hakusema zaidi. Nikaelewa kwamba anajipanga kwenda, atapita mtaani ndani ya gari la shemeji yake katikati ya eda yake, na kila mlango utakuwa na mtu.

Nilitoka kwa mlango wa mbele nikazunguka kichochoroni. Jirani alikuwepo mlangoni kwake. Nikatia mkono kwenye sanduku la kijani yeye akitazama, nikalitoa kopo, nikarudi ukumbini, nikapiga magoti kwenye sakafu ile nyekundu baina ya Bwana Shee na pazia. "Ni mimi," nikasema. "Wale watu walikuwa wakitafuta hili." Nilieleza mchezo vibaya sana, nikaanzia mwisho, nikarudi mwanzo, mpaka Bwana Shee akainua mkono.

"Ni nani aliyekupa ruhusa kutia kitu ukutani mwa watu?"

"Marehemu."

"Na shemeji alijua?"

"Hakujua. Aliniambia nisimwambie."

Bwana Shee alikuwa mtu wa heshima. Hakusema alichokifikiria, lakini alinitazama kwanza mimi, kisha mlango wa chumba changu. Nyuma ya pazia Bi akasema, taratibu, "Fungua. Soma kilichomo."

Akavaa miwani, akang'oa plasta kwa ukucha, akaikunjua karatasi. Nilimwona alipoutambua mwandiko. Alisoma kwanza kimoyomoyo, Bi akalazimika kumwambia tena asome. Akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya serikali: "Nyumba ya Bi Mwanakombo. Sanduku lipo, mita haipo. Hodi imeitikiwa. Mbwa hakuna. Mwenye nyumba hajaambiwa, yuko jikoni, sitaki aunguze kaimati. Mtoto Wakesho hana kosa. Nitamwambia mwenyewe. Athumani."

Sauti iliyotoka nyuma ya pazia sikuitambua, maana tangu msiba sikuwa nimeisikia. Bi alikuwa anacheka. "Ziliungua vilevile!" akasema. "Nakumbuka siku hiyo. Niliziacha motoni nikatoka kumtafuta aje aonje, kumbe yuko nje na daftari lake." Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Kisha mkono wake ukatoka chini ya pazia, kiganja juu, na Bwana Shee akaiweka karatasi juu yake bila kumgusa. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu muda mrefu. Gari hakulitaja tena. Alipotoka nilimsikia amesimama kichochoroni akimweleza jirani, kwa sauti ya kusikika nyumba kumi, kwamba kaka yake aliacha maandishi ukutani na watu walikuja kuyasoma.

Mimi niliitwa ndani. "Kopo nimesamehe," Bi akasema. "Yule alikuwa mume wangu, namjua. Lakini wewe wanibebea chai kila asubuhi, wayasikia wanayosema, na wanyamaza?"

"Niliogopa utanifukuza, Bi."

"Kwa hivyo ukaniacha nifukuzwe mimi."

Nilikaa pale sakafuni nikilia, naye akaniacha nilie kiasi alichoona kinanistahili. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikwenda saiba nikalifunga kopo kwenye ukurasa wake, na karatasi ikakaa chini ya mto wa Bi mpaka eda ilipokwisha. Siku aliyotoka edani, Saumu alimletea leso mpya ya rangi ya machungwa. Bi alioga, akavaa, akajitia udi, akala, akawapokea waliokuja. Walipoondoka akaniomba kalamu. Akaikunjua karatasi juu ya goti, na chini ya maneno ya mumewe, juu ya majina ya wale watatu, akaandika mstari mmoja kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, akilamba midomo. Nikamuuliza kama ni dua. "Hayo ni yangu na yeye," akasema. Akaifungia kwenye kopo, akatoka nje kwa mara ya kwanza, na hatua zake za kwanza mtaani zilikuwa za kwenda kichochoroni kulirudisha kopo kwa mkono wake. "Sasa waite watu wako," akaniambia. "Lakini wapite mlango wa mbele."

Nikaandika hivyo kwenye mtandao: piga hodi, utajibiwa. Namkumbuka kijana mmoja wa Nairobi, mkoba mgongoni, aliyesimama barazani akasema, "Niaje mathe, kuna kitu tunasaka hapa." Bi akamwangalia. "Niaje ni salamu ya nani hiyo? Rudi nje uanze upya." Akarudi nje, akaanza upya, akasema shikamoo, akanywa kahawa vikombe viwili na kula kaimati sahani nzima kabla ya kuonyeshwa kichochoro. Mwisho wa mwaka ule kazi ilinihamisha, lakini nilimpigia Bi simu kila sikukuu, naye kila mara alinipa habari za wageni: huyu alikuwa na adabu, yule alikula vizuri, yule mwingine hakunawa mikono.

Hitima ilipokwisha na sahani kuoshwa, Saumu alilileta kopo uani tukakaa kwenye mkeka. Plasta ilikuwa mpya. Bi alikuwa akiibadilisha. Karatasi ilikuwa imeongezwa nyingine, na nyingine tena, majina ya watu kutoka kila mahali, lakini ya kwanza ilikuwa ileile, imelainika kama kitambaa. Nikamwonyesha Saumu maandishi ya babake, akayasoma mara mbili, mkono mdomoni. Kisha nikaweka kidole kwenye mstari ulio chini yake. "Hapa sikuwahi kujua," nikamwambia. "Nilidhani ni dua."

Saumu akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Si dua," akasema. "Ni Kiswahili." Akasoma kwa kidole, neno baada ya neno: "Ameniambia. Amechelewa kidogo, lakini ameniambia. Ruhusa ipo. Mwenye nyumba."

Uani palikuwa na harufu ya sabuni ya vyombo. Baadaye Saumu akauliza tulifanyeje kopo, nilichukue niende nalo Voi au lirudi ukutani, sanduku lenyewe bado lipo, ila rangi imekwisha. Nikamwambia kanuni ni kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba sasa ni yeye. Mimi nyumba hii sijawahi kuiombea ruhusa kwa mwenyewe.

"Basi niombe," akasema. "Lakini ujue kuomba."

Nikachukua kopo, nikapita ukumbi mzima, nikatoka barazani na kuendelea mpaka barabarani, mbali kidogo, kama nilivyofundishwa. Kisha nikageuka, nikapiga hodi.